Chakula kipo, mbona mgonjwa wa figo anakonda?

Safari hii ukurasa wetu wa afya unajibu barua moja tu, kwa sababu jibu lake ni refu na linagusa nyumba nyingi kuliko hiyo iliyotuandikia.

Barua yenyewe, kwa ufupi, inasema hivi. Kaka mkubwa wa mwandishi alishindwa na figo zote mbili. Aliwekewa mpira tumboni katika hospitali moja huko Nairobi, akafundishwa yeye na mke wake namna ya kujisafisha nyumbani kwa mifuko ya maji, kisha akarudi huku kwetu. Miezi ya kwanza alikuwa na nguvu, hata akawa anatembea mwenyewe hadi sokoni. Halafu akaanza kukonda mikono na mashavu, ingawa miguu imevimba. Nyumbani mbuzi wapo na maziwa hayajakosekana. Kwa hiyo wazee wa ukoo wamemkalisha mke wake chini na kumuuliza chakula cha mumewe kinakwenda wapi. Mama huyo amelia, akasema anampikia kila siku lakini mume hali. Mwandishi anauliza: "Je, mtu anaweza kweli kukonda namna hii na chakula kipo? Au shemeji anatuficha kitu?"

Anaweza. Nasema hivyo kabla ya mengine yote, ili kama kuna mtu wa kumwomba mama huyo msamaha aanze kutafuta maneno. Sasa tuelezane sababu.

MAJI YANAYOINGIA NA KUTOKA

Kazi ya figo tunaijua: kuchuja damu, kutoa maji yaliyozidi na uchafu kwa njia ya mkojo. Zikishindwa kabisa, mtu hawezi kuishi mpaka damu isafishwe kwa njia nyingine. Kazi hiyo ndiyo inaitwa dayalisisi, na ziko njia mbili.

Ya kwanza ni mashine. Damu inatolewa kwa mrija, inapita kwenye chujio, inarudi mwilini. Hiyo ndiyo wagonjwa wengi wa Kenya wanayoitumia. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti kule Lodwar inayo, na Eldoret iko katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Shida ni kwamba mgonjwa anatakiwa afike kwenye mashine mara mbili au tatu kila wiki, maisha yake yote. Kutoka hapa Lokichoggio hadi Kakuma ni karibu kilomita 95, na Kakuma hadi Lodwar ni karibu 120. Piga hesabu ya kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki: zaidi ya kilomita 800. Nauli ya nani hiyo?

Njia ya pili ndiyo ya ndugu yetu wa kwenye barua. Ukimchinja mbuzi ukafungua tumbo, unaona utando mwembamba unaong'aa, umefunika matumbo na kuzunguka ukuta wa ndani. Sisi binadamu tunao utando huo huo, na umejaa mishipa midogo sana ya damu. Madaktari waligundua kwamba utando huo unaweza kufanya kazi ya chujio. Mpira laini unapitishwa kwenye ukuta wa tumbo na kuachwa hapo. Kupitia mpira huo mgonjwa anajimiminia lita mbili za maji safi yenye chumvi na sukari. Maji yanakaa tumboni saa nne mpaka sita. Uchafu wa damu unahamia kwenye maji, na ile sukari inavuta maji ya ziada kutoka mwilini. Kisha anayaachia yatoke kwenye mfuko mtupu na kuingiza mengine. Wengi hufanya hivyo mara nne kwa siku, na maji ya mwisho hulala nayo.

Mpira unaotumika mpaka leo ulitengenezwa mwaka 1968 na daktari Henry Tenckhoff kule Seattle, Marekani. Mpango wa kutembea na maji tumboni mchana kutwa ulibuniwa mwaka 1976 na Popovich na Moncrief wa Texas. Jirani zetu wa Tanzania pia wameitumia njia hii ya tumbo kuokoa watu ambao figo zao zimesimama ghafla, kwa malaria kali au matatizo ya uzazi. Hospitali ya KCMC ya Moshi, ambayo ni ya kanisa, inajulikana kwa kazi hiyo. Lakini hao ni watu wa siku chache, figo zikiamka wanaondolewa mpira. Ndugu yetu ni wa kila siku.

Njia hii haitaki umeme wala safari ya kila wiki, na ndiyo maana mtu wa mbali anaweza kuambiwa inamfaa. Ila wacha niseme na upande wa pili. Mifuko minne ya lita mbili ni lita nane kwa siku. Kwa mwezi ni lita 240, yaani uzito wa kilo 240 na zaidi, katoni juu ya katoni, zishushwe kwenye gari, zipate kivuli, panya asitoboe. Na kila mara mfuko unapounganishwa na mpira, mlango wa kuingia tumboni unakuwa wazi kwa dakika chache. Mara nne kwa siku ni mara 120 kwa mwezi. Mkono mchafu mara moja tu katika hizo 120 unatosha kuleta balaa. Tutarudi hapo.

KINACHOTOKA PAMOJA NA UCHAFU

Sasa hapa ndipo siri ya kwanza ya kukonda. Utando ule ni chujio lakini si chujio janja kama figo. Unaacha uchafu upite, na pamoja na uchafu unaacha protini ipite pia. Kwa siku moja mgonjwa hupoteza kati ya gramu 5 na 15 za protini kwenye maji anayomwaga. Gramu 8 ni kama kikombe kizima cha maziwa kimemwagwa chini kila siku. Kama kuna maambukizi tumboni, hasara hiyo inaweza kuwa mara mbili au zaidi.

Upande mwingine, ile sukari iliyo kwenye maji inaingia kwenye damu. Maji yale hafifu kabisa yana gramu 15 za sukari kwa lita. Lita nane ni gramu 120, na zaidi ya nusu inabaki mwilini. Maji makali, yale ya kutoa uvimbe, yana karibu mara tatu ya hiyo. Kwa hiyo mgonjwa analishwa sukari bila kufungua mdomo, na tumbo limejaa lita mbili za maji. Njaa itatoka wapi? Mama anaandaa sahani, mzee anaonja vijiko vitatu anasema ameshiba. Hadanganyi. Ameshiba kweli, lakini ameshiba sukari na maji, huku nyama ya mwili ikitoka.

Kuna na jambo lingine ambalo nimeliona katika nyumba zaidi ya moja, nalo linaniuma kwa sababu linafanywa kwa mapenzi. Figo zinapoanza kuharibika, kabla ya dayalisisi, daktari mara nyingi humwambia mgonjwa apunguze nyama, maziwa na maharagwe ili kupunguzia figo mzigo. Ushauri ni sahihi kwa wakati ule. Dayalisisi ikianza, ushauri unageuka kabisa: sasa protini iongezwe. Lakini jamaa walioshika lile neno la kwanza wanaendelea kulilinda. "Daktari alikataza nyama." Alikataza, ndiyo, lakini ilikuwa mwaka gani? Muulizeni tena.

Kipimo kinachotumika leo kwa mtu wa dayalisisi ni gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Nyama iliyopikwa ya ukubwa wa kiganja, kama gramu 100 hivi, inatoa karibu 25. Yai moja linatoa 6. Kikombe cha maziwa kinatoa 8, yawe ya mbuzi, ng'ombe au ngamia si tofauti kubwa. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kinatoa kama 15. Kwa hiyo kipande cha nyama, vikombe viwili vya maziwa na kikombe cha maharagwe, ukigawa asubuhi mpaka jioni, umefika. Ugali peke yake haufiki, hata ule sinia.

Kwa ndugu zetu wa kambi ya Kakuma na Kalobeyei hesabu hii ni ngumu zaidi. Mgao umekuwa nafaka, kunde na mafuta, nao umepunguzwa mara nyingi, mwaka 2025 ukiwemo. Mwenye mgonjwa wa namna hii asinyamaze: aende kwenye kituo cha afya akaandikishwe katika mpango wa lishe, akionyesha karatasi za hospitali.

MWILI UNAPOWAKA NDANI

Hata hivyo, tukisema ni suala la nyama na maziwa tu, tutakuwa tumerudi kule kule kwa wazee na kumlaumu mpishi. Kuna siri ya pili, na hii ndiyo kubwa.

Kidole kikichomwa na mwiba kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata moto na kuuma. Huo ni ulinzi wa mwili. Askari wa damu wamekimbilia pale kupigana na uchafu. Madaktari wanauita inflamesheni. Sisi tuseme mwili unawaka. Mwiba ukitoka, moto unazimika. Ila kwa wagonjwa wa figo mara nyingi moto huo unawaka mwilini kote, polepole, miezi na miaka, bila kidole kuvimba wala homa kupanda. Mtu hajui kama anawaka.

Wasomaji wa huku mpakani mtanielewa nikisema hivi. Ng'oroko wakisikika karibu, manyatta nzima inabadilika. Vijana wanaacha malisho wanakwenda kulinda. Mbuzi wanachinjwa ili walinzi wale. Hakuna anayefikiria kuchimba kisima kipya kwenye laga. Ikiwa ni siku tatu, si kitu, mifugo itarudia hali yake. Lakini ng'oroko wakijificha kule vilimani miezi sita, hawaji wala hawaondoki, zizi litaisha bila hata mbuzi mmoja kuibiwa. Mtakuwa mmewachinja wenyewe.

Mwili unaowaka hufanya hivyo hivyo. Ini, ambalo ndilo jiko la protini za damu, linapunguza kupika albumini na kuanza kupika vifaa vya vita. Kimoja cha vifaa hivyo kinaitwa CRP, na kinapimika kwa damu kidogo tu. Nyama ya mikono na mapaja inavunjwa ili jiko lipate malighafi. Hamu ya kula inafungwa na ubongo wenyewe. Ndiyo maana unaweza kumlisha mtu wa namna hiyo vizuri kabisa na bado akakonda: unachoingiza kinakwenda kwa walinzi.

Albumini nayo ina kazi ya kushikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua, maji yanatoka na kukaa miguuni. Hivyo mikono inakonda huku miguu inavimba. Akina mama wa kliniki ya watoto mmeiona sura hiyo kwa mtoto mwenye utapiamlo wa kuvimba. Ni ndugu na huu, ingawa si kitu kimoja.

Zamani hata hospitalini tulifikiri albumini ikiwa chini maana yake mgonjwa hali, basi. Mwaka 1999 madaktari wa Stockholm, Uswidi, akiwemo Peter Stenvinkel, walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa figo mambo matatu hutembea pamoja: kukonda, mwili kuwaka, na mishipa ya moyo kuziba. Na mwaka 2008 wataalamu wa lishe ya figo wa nchi mbalimbali walikubaliana kuupa ukondaji huu jina lake wenyewe, ili usichanganywe na njaa ya kawaida. Njaa ya kawaida inaponywa na chakula. Huu unataka chakula na pia mtu wa kwenda kuutafuta moto umejificha wapi.

MOTO UNAJIFICHA WAPI

Mahali pa kwanza pa kutazama ni tumboni penyewe. Bakteria wakiingia kupitia mpira, utando unaambukizwa. Dalili ni maumivu ya tumbo, pengine homa, pengine kutapika, lakini dalili ya kuaminika kuliko zote ni maji yanayotoka kuwa na ukungu. Maji mazuri yana rangi ya njano kidogo lakini unaona upande wa pili. Chukua mfuko uliojaa, uweke juu ya karatasi yenye maandishi, hata jarida hili linafaa, utakuwa umelipatia kazi ya pili. Kama herufi zinasomeka kupitia mfuko, sawa. Kama hazisomeki, usingoje mfuko wa pili, usingoje asubuhi. Chukua mfuko huo huo na mgonjwa, mwende hospitali. Dawa za bakteria zinatakiwa kuanza saa hizo hizo, na mara nyingi zinachanganywa ndani ya maji ya tumbo. Zahanati ndogo huenda haijawahi kuona mgonjwa wa namna hii, kwa hiyo kila mgonjwa awe na barua kutoka kitengo chake cha figo, ikieleza dawa gani zianze na namba ya simu ya kupiga. Barua hiyo ifungwe kwenye plastiki, ikae na kitambulisho.

Mahali pa pili ni pale mpira unapotokea kwenye ngozi. Wekundu, usaha, maumivu ukiguswa: hayo yasionewe aibu. Huku kwetu vumbi ni jambo la kila siku, kwa hiyo pafunikwe, pasafishwe kama mlivyofundishwa. Mgonjwa asioge kwenye maji ya laga wala ziwani. Na nisemeni wazi: asichanjwe wala kuchomwa kwa chuma tumboni. Najua wapo watakaosema tumbo lililovimba linatakiwa kuchanjwa, kama watu wengi wa huku walivyofanyiwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa vifuko vya maji unaotoka kwa mbwa. Tumbo la huyu limejaa kwa sababu limewekwa maji.

Kwa kuwa nimeutaja ugonjwa huo wa mbwa, nongeze neno. Eneo hili la kaskazini magharibi ya Turkana limekuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi duniani, na AMREF ilianza mpango wa kuudhibiti tangu mwaka 1983. Mtu yeyote wa huku anayeambiwa atawekewa mpira tumboni amwambie daktari anatoka wapi, na kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Kipimo cha picha kifanywe kwanza. Kifuko kikitobolewa bila kutarajiwa ni hatari, na tumbo lenye makovu mengi ndani huenda lisishike maji vizuri.

Mahali pa tatu ni kifua kikuu. Mgonjwa wa figo hupata TB kwa urahisi kuliko mtu mzima, na TB yake si lazima ianze na kikohozi. Inaweza kukaa tumboni kwenye utando ule ule. Jasho la usiku, homa za jioni, kukonda: apimwe. Brusela nayo ipo kwa wanaokunywa maziwa mabichi. Halafu kuna meno yaliyooza, ambayo hakuna anayeyafikiria. Jino moja bovu linaweza kuwasha mwili mwaka mzima, na tena linamfanya mtu aiogope nyama.

Mwisho kuna moto unaotokana na usafishaji wenyewe. Maji yakibaki mwilini kupita kiasi, mwili unawaka. Sukari kali ya mifuko ikitumika sana inachosha utando. Mgonjwa anayeruka mfuko mmoja kwa siku ili katoni zifike mwisho wa mwezi anabaki na uchafu kwenye damu, na uchafu huo unaleta kichefuchefu na kukonda. Nimeona watu wanaruka kwa sababu gari la katoni limechelewa. Hapo kosa si lao, lakini hospitali iambiwe, isije ikafikiri mifuko minne inatumika kumbe ni mitatu.

MIZANI INADANGANYA

Mwandishi wa barua anasema kaka yake alipimwa na uzito "haujapungua sana". Hapa pana mtego. Kilo moja ya nyama ya mwili ikitoka na kilo moja ya maji ikaingia, mizani haioni kitu. Kwanza, mpimeni baada ya kumwaga maji ya tumbo, la sivyo mnapima na lita mbili ambazo si zake. Pili, ule utepe unaopima mkono wa mtoto kliniki unaweza kupima na wa mtu mzima. Rangi zake zisiwashughulishe, hizo ni za watoto. Ninyi someni namba tu. Mkono ule ule, sehemu ile ile katikati ya bega na kiwiko, mara moja kwa mwezi, mwandike kwenye daftari. Mkono ukipungua na mizani imesimama, mjue nyama inatoka na maji yanaingia.

KUHUSU SAHANI YENYEWE

Ale kidogo kidogo mara tano au sita. Wakati mzuri ni pale maji yametoka na mapya hayajaingia, tumbo likiwa na nafasi. Mwacheni ale kwanza, mradi mpira umefungwa na mikono ya kubadilisha ioshwe upya baadaye. Aanze na nyama, yai au samaki, ugali ufuate, kwa sababu tumbo likijaa ugali kile muhimu hakiingii. Chai iwe na maziwa na sukari kidogo. Sukari ameshapata kwenye mfuko. Mwenye kisukari azingatie hilo mara mbili.

Samaki wa Kalokol ni mzuri akiwa mbichi. Aliyekaushwa kwa chumvi analeta kiu, na kiu inaleta maji. Enyas isiyotiwa chumvi inafaa, ikilainishwa kwa kuchemshwa. Maziwa yachemshwe. Damu ya mifugo ina protini na chuma, lakini ipikwe, isinywewe mbichi. Maziwa, kunde na samaki wadogo wa kuliwa na mifupa vina fosfeti nyingi, ambayo kwa wagonjwa hawa inadhuru mifupa na mishipa. Kama daktari ametoa vidonge vya kuzuia fosfeti, vimezwe pamoja na chakula, si baadaye. Kuhusu ndizi na matunda, wa mashine hukatazwa sana, lakini wa njia ya tumbo mara nyingi huruhusiwa zaidi. Majibu ya damu ndiyo yanaamua, si jirani.

Choo kigumu nacho kinaharibu kazi: utumbo uliojaa unasukuma mpira na maji hayatoki yote. Akikaa siku tatu bila choo, asemwe kliniki.

KWA MWANDISHI WA BARUA

Mpelekeni kaka yako hospitali wiki hii. Bebeni mfuko mmoja wa maji yaliyotoka, daftari la kila siku kama mnaliandika, na dawa zote anazotumia. Ombeni apimwe albumini na CRP kwa pamoja, maana moja bila nyingine haisemi mengi. Albumini ikiwa chini na CRP iko chini, kazi kubwa iko kwenye sahani na protini inayovuja. CRP ikiwa juu, kuna moto mahali, na ninyi na daktari mtautafuta: tumbo, mpira, TB, meno. Ulizeni kama bado anasafishika vya kutosha. Pitieni na swali la malipo: NHIF ilikwisha na tangu Oktoba 2024 ni SHA, kwa hiyo asipoandikishwa kule anaweza kukuta mlango umefungwa. Mwulizeni mhudumu wa kitengo cha figo ni nini hasa kinacholipwa kwa njia ya tumbo.

Na kuhusu shemeji yako. Kubadilisha mfuko kunachukua karibu nusu saa, na kabla yake maji ya kunawa yachotwe, yasafishwe, meza ifutwe, mbuzi na watoto watolewe nje, mlango ufungwe. Mara nne kwa siku, mfuko wa kwanza alfajiri na wa mwisho usiku. Anafanya hivyo tangu mumewe alipotoka Nairobi, pamoja na kuteka maji, kupika na kulea. Hakuna siku ya mapumziko katika kazi hiyo. Mwanamke aliyechoka hivyo ndiye siku moja atasahau kunawa, na hapo maji yatakuwa na ukungu kweli.

Wazee wakikaa tena, waulize nani kati ya vijana wa ukoo atakwenda kufundishwa kubadilisha ule mfuko wa usiku. Mafunzo ni ya siku chache tu, na kitengo cha figo kilichomfundisha mama huyo kitamfundisha na mwingine.